Fundo la Mwisho Langoni

Nyumba ya mwisho, upande wa malisho,
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na bwana wako na watoto wote. Goti linaendeleaje? Katika barua yako ulisema unapanda ngazi kwa kujivuta kama gunia. Natumaini sasa gunia limepata miguu. Sisi huku ni wazima. Kikohozi kilichonishika wakati wa baridi kimeniacha, ingawa binti yangu anadai kimeniachia mkoromo badala yake. Mimi sijausikia huo mkoromo, kwa hiyo siukubali.

Picha ya mjukuu wako imefika, haikukunjika hata pembe. Tumeiweka juu ya kabati. Ana paji la uso la kaka yako, lile pana la mtu asiyekubali jambo haraka. Mleeni vizuri, maana mnajua mmepata nini.

Unaniuliza nalala vipi. Nalala, wifi yangu. Siku zinakwenda. Viatu vya mpira vya kaka yako bado viko nyuma ya mlango wa jikoni, vina tope la siku ya mwisho aliyotoka, na sijavipiga maji. Juzi nilikuta betri mbili za redio dirishani. Alikuwa ameziweka zipate jua, kama kawaida yake, akiamini jua litazifufua. Nikazitia redioni. Zikasema nusu ya taarifa ya habari, zikakata. Nilicheka peke yangu jikoni. Miaka yote nilimwambia huo ni upuuzi, kumbe alikuwa na haki ya nusu taarifa.

Lakini leo nimekaa kukuandikia kwa sababu ya jambo jema. Jumamosi ya tarehe 6 majirani walikutana malishoni kuwashukuru wote waliokataa kuuza mashamba yao. Na wewe ulikuwemo. Jina lako liliitwa mbele ya watu, na kwa kuwa hukuwepo, nilisimama mimi nikapokea makofi yako. Ninayo hapa. Nakutumia yote, sikupunguza.

Wewe unaijua habari hii kwa upande wa simu tu, basi acha nikusimulie ya upande wetu. Wale watu waliotaka kujenga maghala hapa walipokuja mwaka jana, malisho yenyewe hawakuweza kuyanunua kwa mtu mmoja, kwa sababu ni ya wote. Walichotaka kwanza ni shamba moja tu, lolote kati ya haya yanayoyazunguka, wapate pa kupitisha malori. Walijua barabara ikishafika hapo, yaliyobaki yangekuja yenyewe. Wakaenda nyumba kwa nyumba, wakinong'ona. Kila mlango waliuambia, jirani yako amekwisha kukubali, umebaki wewe.

Hapo ndipo palipotuogopesha. Ingetosha mmoja wetu achoke. Na wote tulikuwa na sababu ya kuchoka. Dereva mstaafu alikuwa anadaiwa hospitali. Mshonaji alikuwa na cherehani bovu. Wewe nyumba yako ya huku haijaezekwa hadi leo, na kila mtu huku anajua.

Kaka yako aliwapokea pale langoni. Unajua alivyokuwa na lango lile hata watoto wakamwita Waziri wa Lango. Akawatazama viatu vyao vinavyong'aa, akasema, "Karibuni sana, malisho ni bure. Mmekuja wangapi, na nyote mnakula nyasi?" Wakacheka. Yeye hakucheka. Wakarudi tena na tena, na kila mara aliwauliza swali lilelile, mpaka wakaanza kupita njia ya mbali kumkwepa.

Ndipo wakakutafuta wewe, kwa sababu shamba aliloacha baba yenu kwa jina lako ndilo lililo karibu zaidi na barabara. Kaka yako hakulala siku ile. Si kwamba hakukuamini. Alisema, "Yule ni dada yangu, lakini paa ni paa." Ulipompigia ukamwambia umewajibu hapana kisha ukawatakia jioni njema, alitoka nje na kandambili akazunguka nyumba kwa nyumba kuwasimulia. Alipomaliza mzunguko, jibu lako lilikuwa limekuwa refu na lina matusi. Naomba radhi kwa niaba yake.

Sasa nikwambie ya fundo. Lango la malisho halina kitasa, linafungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Kaka yako alikuwa na fundo lake, unavuta ncha moja linafunguka, ng'ombe akivuta linazidi kukaza. Jioni ile ya mwisho alilifunga kama siku zote, akarudi, akavua viatu, akasema kifua kinambana. Yaliyofuata unayajua.

Baada ya mazishi sikwenda upande ule kwa muda mrefu. Nilipokwenda, nilishangaa. Nyasi za langoni zilikuwa zimesimama, hazina alama ya kwato. Ng'ombe wote walikuwa wanazungushwa kupitia bondeni, mwendo mrefu na matope. Na pembeni mwa lango ubao ulikuwa umelika kwa nyayo za watu. Walikuwa wanapanda juu yake, wifi yangu! Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kufungua fundo la mwisho la kaka yako. Hawakukubaliana wala hawakuambiana. Kila mmoja alifika, akaliona, akapandisha mguu. Dereva, na uzee wake ule, suruali yake ilinaswa na msumari akaning'inia huko juu mpaka mshonaji alipopita. Huyo aliishona nyumbani kwake, mwenye suruali akisubiri amejifunga kitenge.

Nilisimama pale nikalia, halafu nikacheka, halafu sikujua nafanya lipi.

Siku hiyohiyo nikamwona fundi mwashi, yule rafiki wa kaka yako, akichimba ndani ya malisho, karibu na pale ndama wanapopenda kulala. Alikuwa ameweka kamba na vigingi, mchanga na mifuko ya saruji. Aliponiona akaruka kama mwizi.

"Shemeji, rudi! Ni siri hii."

"Siri ya shimo kubwa hivi?"

Akatupa sepetu chini. Akaniambia kamati ya majirani imeamua kujenga mnara wa shukrani, na majina ya wote waliokataa kuuza, la kaka yako juu kabisa. Saruji ni yake mwenyewe, alikuwa ameinunua kwa ajili ya sakafu ya jikoni kwake. Alieleza urefu wake kwa kunyoosha mkono, macho yanang'aa. Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wote, kisha nikarudi nyumbani na jiwe kifuani.

Kwa sababu, wifi yangu, kaka yako alitumia mwaka wake wa mwisho kuhakikisha hakijengwi kitu pale. Hata kibanda. Hata choo cha wachungaji alisema kikae nje ya uzio. Na sasa kitu cha kwanza kujengwa malishoni kingekuwa na jina lake. Lakini utawaambiaje hapana watu wanaokupenda? Wale wa maghala ilikuwa rahisi kuwakatalia, hawakuwa na mapenzi yoyote. Nilijua pia kwamba nikinyamaza, mnara utasimama, na kesho mwingine atasema, mbona pale mlijenga?

Nikaenda kwa mshonaji, maana ndiye mwenyekiti wa kamati. Nilimkuta na pini midomoni. Nikamwambia polepole, nikiogopa kumuumiza. Akanitazama. Kisha pini zikamtoka zote.

"Dada yangu! Mwaka mzima tumewazuia wenzetu kujenga, halafu sisi ndio tunaanza?" Akacheka mpaka akashika meza. "Na hakuna hata mmoja wetu aliyeona! Kamati nzima!"

Kazi ilikuwa kwa mwashi. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akageuza mwiko wake mikononi. "Kwa hiyo mikono yangu haitakiwi," alisema.

Nikamwambia, "Mikono yako ndiyo inayotakiwa kuliko yote. Jaza shimo, urudishe nyasi, uweke kila kitu kama rafiki yako alivyokiacha. Huo ndio mnara wake."

Akageuka kuondoka, nami nikadhani nimempoteza. Kisha akarudi. "Nimeitwa kujenga, nimeitwa kubomoa," akasema. "Lakini kubomoa shimo, shemeji, hii ni mara ya kwanza." Akalijaza siku ileile, akapanga nyasi kipande kwa kipande kama anapanga vigae. Saruji ilikwenda jikoni kwake, na mke wake ndiye aliyetoa hotuba ndefu ya shukrani kuliko wote.

Basi Jumamosi hakukuwa na kitu cha kuzindua. Watu walikaa tu kwenye nyasi, wengine ndani ya uzio, wengine nje. Mshonaji aliita majina, mmoja akisimama wengine wanapiga makofi. Dereva aliposimama alitania kwamba yeye anastahili makofi mawili, moja la shamba na moja la suruali. Jina la kaka yako lilipoitwa, hawakupiga makofi. Walisimama wote. Hata watoto. Nilisikia nyasi zikinyanyuka chini ya miguu yao.

Kisha wakaniomba nifungue lango.

Fundo lilikuwa limekaza kwa mvua. Nilitafuta ile ncha yake ya kuvuta, imezama. Dereva akatoa kisu, "Likate tu, mama." Mshonaji akampiga mkononi. Nikakaa chini nikalifungua kwa kucha, taratibu, na hakuna aliyenihimiza. Lilipolegea niliuona mpira ulivyobonyea pale alipoukaza kwa vidole vyake. Lango likafunguka. Wakapita mmoja mmoja, na wale waliokuwa wamekwisha kuwa ndani wakaruka uzio kwenda nje ili nao waingie langoni.

Jioni nililifunga mwenyewe. Asubuhi ng'ombe walikuwa ndani ya maharage ya mshonaji. Alikuja mlangoni kwangu na mche mmoja uliotafunwa, akasema, "Waziri mpya, kazi imeanza vibaya." Hakunidai chochote. Sasa tunafunga kwa zamu. Dereva anafunga fundo la turubai ya lori, mshonaji lake ni dogo na safi, la mwashi halifunguki bila koleo. Ukilitazama lango unajua nani amepita mwisho.

Lakini lile la kaka yako hakuna anayelijua. Aliwahi kuniambia kwamba baba yenu aliwafundisha ninyi wawili mkiwa wadogo, na kwamba wewe ulikuwa unafunga haraka kuliko yeye, jambo lililomkera hadi uzeeni. Ndani ya bahasha hii nimekukatia kipande cha mpira uleule. Kijaribu, uone kama mikono inakumbuka. Ikikumbuka, usinirudishie kwa posta. Goti likipona, njoo ulifunge mwenyewe, sisi tukitazama.

Na paa lako, wifi, usiwe na haya. Mwashi ameshasema ukitua tu huku atakupigia hesabu ya mbao, na dereva anasema kazi ya kusimamia na kulalamika ameichukua yeye.

Nisalimie bwana wako, na yule mwanao wa kwanza anayejifanya hana muda wa kuandika. Mbusu mjukuu kwenye lile paji. Binti yangu anamsalimu shangazi yake, na mshonaji, mwashi na mkewe, na dereva wanakusalimu kwa shukrani. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, na akufungulie kila lango.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kwa niaba ya wawili sasa,

Mke wa kaka yako