Gauni la Buluu na Neno la Wagiriki

Chumbani kwa Mama,
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Hujambo? Kikohozi kile kimekuacha? Sisi wazima, isipokuwa goti langu, ambalo lina siasa zake.

Barua yako niliipata. Unasema huoni sababu ya kuja, maana hata kwenye simu Mama alikuuliza wewe ni nani. Sikulaumu. Mimi ninayemwogesha ananiita mpangaji.

Ila sikiliza yaliyotokea Jumanne. Mama aliketi kwenye cherehani yake akashona gauni, kwa kile kitambaa cha buluu kilichozeekea kabatini. Mikono ile, mdogo wangu! Jina lake mwenyewe linampotea, lakini mkasi haukosei. Nilipolikagua nikakuta mkono wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Nikajua leo fundi wetu kachemsha. Nikaanza kuufumua niusawazishe, akanichapa kofi.

"Acha! Mkono wake haunyooki."

"Wa nani, Mama?"

Akafikiri sana. "Simjui," akasema, akaendelea kushona.

Nikauacha ule mkono kama ulivyo. Ni mkono wako, ule uliovunjika utotoni ukaunga kombo.

Nilimsimulia kitinda mimba wetu, Askofu, tunayemwita hivyo ingawa ndiyo kwanza anasomea uchungaji. Safari hii hakuhubiri. Aliniambia tu kwamba Wagiriki wa kale walikuwa na neno lake, storge: upendo wa mzazi na mtoto, ambao haufundishwi wala hauchaguliwi. Tangu siku hiyo nalirudia jikoni kama mwehu. Nilidhani Mama anatupenda kwa sababu anatujua. Kumbe kujua kumeondoka, na upendo umebaki palepale, unapima na kukata. Hata naogopa kidogo, nakwambia kweli.

Gauni limebakia pindo. Nilitaka nikutumie kwa posta, Mama akakataa katakata. Anasema pindo halishonwi mpaka mwenyewe alivae asimame mbele yake. Mlango ukigongwa tu, anashika pini zake na kutazama nani ataingia. Mdogo wangu, hajui anamsubiri nani. Lakini anamsubiri. Njoo.

Askofu na shangazi wanakusalimu. Mbusu shemeji, wabane watoto mbavu kwa niaba yangu. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Wako akupendaye bila kuchoka,
Dada yako, "mpangaji"