Swichi Isiyo na Mlio

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Mimi sijambo, ila kidole gumba cha mguu kimevimba, na sababu yake utaikuta mbele. Natumaini wewe, wifi na watoto mu wazima, na ile baridi uliyokuwa ukiilalamikia imeanza kuwaonea huruma.

Swichi ulizotuma zimefika salama na sasa ziko ukutani kwa Mama. Wasiwasi wako tangu alipoanguka naujua. Swichi ya ujia ilikuwa mwisho kabisa, mtu apite kwanza gizani ndipo aifikie. Marehemu Baba alijenga nyumba ile kwa mapenzi, lakini swichi aliziweka kwa kukurupuka. Mimi nilitaka kuzifunga hizi mpya mwenyewe, kwa kuwa boksi lilisema kazi ni nyepesi. Mama akanikatalia katakata, akasema umeme si kitu cha kujaribia, akanituma kwa jirani yetu fundi umeme, yule tunayemwita Taratibu.

Jina hilo hakupewa bure. Alianza kwa kujaribu kipimo chake kwenye soketi yenye moto wa umeme, ajue ni kizima. Ndipo akazima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli na ufunguo akautia mfukoni. Nikamtania kwamba hapa hatuna mwizi wa umeme. Akanijibu kwa upole kwamba yeye haogopi mwizi, anaogopa mtu mwenye haraka ya kuchemsha maji. Nikalirudisha mezani birika la umeme nililokuwa nimelishika mkononi.

Kila chumba alifunga kifaa kidogo juu ya dari, kando ya taa, hicho ndicho kinachopokea amri ya swichi. Waya za swichi ya zamani akaziunganisha vizuri ndani ya ukuta na kuzifunika. Swichi mpya yenyewe haina waya, ina betri tu, unaibandika unapotaka. Kwenye ujia aligundua kwamba Baba alipitisha swichi kwenye waya usio sahihi, kwa hiyo taa ilikuwa inazimika lakini moto unabaki pale pale juu. Kama ningezima swichi ya ukutani tu na kupanda ngazi, kama nilivyokusudia, leo ungekuwa unaandikiwa na mtu mwingine.

Mahali pa kubandika alichagua Mama. Alisimama kwenye kila mlango, akainua mkono bila kutazama, akasema hapa. Taratibu akawa anaweka alama kwa penseli. Nilimsifu Mama kwa kujiamini.

Baada ya hapo malalamiko yakaanza. Mama akasema swichi zako hazifanyi kazi. Kila nikienda namkuta mchana kweupe taa zote zinawaka, nami namtania kwamba amefungua ukumbi wa harusi. Nilimwita Taratibu, akazikagua zote, akasema ni nzima. Mama akanuna.

Jioni moja nilipitia kwake nikitoka kazini. Nilimkuta jikoni, taa inawaka, naye yuko mlangoni anabonyeza swichi. Taa ikazimika. Jiko zima likawa giza, na Mama akasema kwa sauti ya kuridhika, "Haya, sasa imekubali." Kisha akaenda zake kwenye meza na kuanza kumimina chai.

Kaka, mimi sikuona hata mkono wangu. Nilipiga hatua kumfuata nikajikwaa kwenye kigoda, ndiyo habari ya kidole changu. Mama akanipa pole, akaniuliza kwa nini siangalii ninapokanyaga na taa ipo.

Nilimwambia taa haipo. Akaweka birika chini. "Swichi za baba yako zilikuwa zinalia," akasema. "Na ukizigusa unajua iko juu au iko chini. Hizi zenu hazisemi kitu."

Nililia, sikufichi. Yeye hakulia. Alinieleza kwamba jicho la kulia lilizimika zamani, na la kushoto limebaki na vivuli tu, tena vya mchana. Alitaka kuzificha habari hizi kwa sababu ya neno lako siku tuliyomzika Baba, kwamba akishindwa kujitegemea utakuja kumchukua na nyumba utaipangisha. Nimempeleka hospitali. Daktari amesema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, na amempa dawa ya matone ya kulinda hicho kilichobaki. Nilimwambia Mama kwamba siwezi kukuficha. Akasema, "Mwandikie. Lakini usimwandikie macho tu, mwandikie na chai."

Basi nakuandikia na chai. Aliimimina gizani vikombe viwili, na hakumwaga hata tone. Mwenye macho mazuri ndiye aliyeumia mguu. Nyumba ile anaijua kwa viganja vyake. Kwako angeanza kupapasa upya kila ukuta.

Taratibu amerudi. Swichi zina vibonyezo viwili, akavipanga upya, cha juu kiwashe tu, cha chini kizime tu, hata ukibonyeza mara kumi. Kwenye cha juu amegundisha kifungo cha koti la Baba, ambacho Mama alikichagua mwenyewe. Sasa hahitaji kuuliza mtu. Nilimuuliza taa anamwashia nani, akasema anawawashia wanaokuja.

Kwa hiyo njoo, Kaka, ila usije na sanduku la kumhamishia. Na zile picha za watoto, ambazo Mama hunifanya nizieleze moja moja kama mtangazaji wa mpira, kisha anakupigia simu kuzisifia, mimi nilidhani anapenda tu kunisikia nikiropoka. Anawajua wanao kwa maneno yangu, na unajua ninavyotia chumvi. Waje nao, awashike nyuso.

Mbusu wifi kwa niaba yangu, na watoto waambie shangazi yao anawapenda. Mama anakusalimu, na taa ya barazani ameshaiwasha.

Ni mimi mdogo wako mwenye maneno mengi,

Kasuku