Shimo Lililo Chini ya Mtaa Wetu

Jumatatu, 10 Machi

Tumemaliza! Kiungo cha mwisho nimekichomelea saa nne asubuhi, nimelala chali, bomba juu ya uso, shingo imekakamaa. Bi Kimya akaja mwenyewe. Ndiye mhandisi mkuu wa mabomba. Jina hilo tumempa sisi mafundi, maana neno lake moja linatutosha wiki nzima. Akavua glavu, akapitisha kidole kwenye mshono polepole, kama anayempapasa mtoto kuona kama ana homa. Akasema, "Safi." Basi! Nikapanda lifti mita themanini nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Bado siamini. Mimi, niliyeanza na mageti na vitanda vya chuma! Chini ya mtaa wetu kuna handaki la duara. Kulizunguka kwa miguu ni kutwa nzima. Humo chembe ambazo hakuna jicho litakaloziona zitakimbizwa pande mbili mpaka zigongane uso kwa uso, wataalamu waone dunia imeumbwa na nini. Mabomba yangu yatapitisha ubaridi tu. Lakini bila ubaridi, hakuna mbio. Wanawasha Alhamisi ya tarehe 27.

Jumatano, 12 Machi

Kibanda cha mume wangu kimegeuka bunge. Kinyozi, ndivyo ninavyomwita, anasema leo hakunyoa, amesuluhisha. Mteja mmoja kasikia redioni kwamba mashine ikiwashwa itazaa shimo jeusi — litameza handaki, kisha mtaa, kisha dunia na mwezi wake. Wa pili akasema basi ninyoe zote, huko tuendako hakuna vioo. Dereva wa lori akataka kujua litaanzia upande wa benki au upande wa soko, ajue pa kuegesha. Wakacheka mpaka povu likaingia puani.

Ila wakishalipa, kila mmoja anamvuta pembeni. "Mkeo si yuko humo? Anasemaje?"

Kanisimulia haya huku anasugua mashine zake za kunyolea kwa mswaki. Halafu: "Eti, unasemaje?"

Nikamwambia mabomba yako sawa.

Ijumaa, 14 Machi

Mama mkwe anagawa vitu. Zile sahani za maua, ambazo hata mgeni hapakuliwi, nimezikuta kwa jirani! Jana lilikuwa koti. Nikamuuliza, Mama, kulikoni? Akajibu bila kunigeukia: "Sitaki niondoke nikiwa nimekumbatia sahani."

Tena anakataa kwenda kutolewa mtoto wa jicho. Miadi ni Jumatatu ya tarehe 24, na tumeisubiri miezi minane. Jicho la kulia limeshakuwa ukungu mtupu, anamimina chai nje ya kikombe. Anasema, macho mapya ya siku tatu ni ya nini?

Kisha taratibu, bila ukali: "Na ni wewe, mwanangu, unayelichimba hilo shimo."

Mimi nakijua chuma. Shimo jeusi silijui.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejikaza, nimemuuliza Bi Kimya. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la vifaa, anamenya chungwa. Nilidhani atacheka. Hakucheka! Akasogea, nikakaa.

Akasema kila siku chembe kutoka angani zinaipiga hewa juu ya vichwa vyetu, nyingine kwa nguvu kuliko mashine yetu itakavyowahi kufikia, tangu kabla hajazaliwa mtu wa kwanza. Zinaupiga na mwezi. "Mwezi upo?"

Upo, nikasema.

"Basi."

Nikamwuliza, na kikitokea kishimo kweli je? Akasema wapo wanaodhani kinaweza kutokea, kidogo mno. Kwa hesabu zao kitayeyuka kabla hakijapata cha kumeza. Nikambana: una hakika? Akafikiri. Nilimpenda kwa jinsi alivyofikiri — chungwa mkononi, macho ukutani.

"Kuhusu dunia kubaki, ndiyo. Kuhusu tutakachokiona, hapana. Ningekijua nisingehangaika kujenga."

Nikamweleza habari za mama mkwe na jicho lake. Akanipa nusu ya chungwa. Kesho ni siku ya wageni, akasema. Mlete.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya ajabu! Niiandike yote.

Ukumbi wa juu ulifurika. Mama mkwe alivaa gauni la harusi za watu, akanishika kiwiko kama anapelekwa mahakamani. Bi Kimya alisimama mbele, hana karatasi. Akaeleza yale ya angani na ya mwezi. Watu wakauliza, akajibu. Asipojua anasema sijui — na kila aliposema sijui, niliona mabega ya watu yanashuka kidogo. Mtu anayekiri asichokijua, unamwamini anachokijua.

Mara mama mkwe akasimama. Hakuomba ruhusa.

"Mwanangu, una watoto?"

"Ninao wawili, Mama."

"Wanalala wapi?"

Bi Kimya akaelekeza kidole sakafuni, kisha dirishani. "Nyumba ile ya paa la kijani. Mashine inapita chini ya vitanda vyao."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa taratibu, akauliza tena: "Na hayo mabomba, aliyeyaunga ni nani?"

"Wako mafundi sita. Aliye bora ni huyo uliyemshika mkono."

Watu wakageuka. Wakapiga makofi! Mama mkwe akanibana kiwiko mpaka kikauma. Njiani akasema Jumatatu ya tarehe 24 atakwenda hospitali, na sahani zake atazidai.

Nami nilipaswa kulia kwa furaha. Badala yake nilikuwa nawaza kiungo kimoja tu.

Kuna siku moja sikuiandika humu. Mwezi wa pili, kiungo namba 212. Katikati ya kazi gesi inayoukinga mshono na hewa ilikatika. Sekunde mbili, labda tatu. Ilikuwa nikate, nianze upya. Lakini nilikuwa nimechoka na foleni ya kazi ilikuwa ndefu, nikaujazia kwa juu, nikausugua ukang'aa. Picha za eksirei wanapiga kiungo kimoja katika kila kumi. Cha 212 hawakukipiga. Kipimo cha kuvuja kilipita. Kila mtu aliridhika. Hata daftari hili sikuliambia.

Jumatatu, 17 Machi

Sikula. Nimemwona Bi Kimya mara tatu. Mara tatu nimeuliza habari za hali ya hewa. Chini ya ardhi!

Jumanne, 18 Machi

Nimesema.

Kesho walikuwa waanze kupoza mabomba. Yakishapoa hayafunguliki mpaka wiki nyingi zipite. Saa mbili asubuhi nilisimama mlangoni kwake, kofia mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanitoka. Nikasema tu: "Mia mbili na kumi na mbili ni mbovu. Nilijua."

Hakupaza sauti. Akaniuliza gesi ilikatika kwa muda gani, nilijazia tabaka ngapi, kipimo kilisomaje. Akaandika. Akanyanyua simu, akasema, "Simamisheni." Neno moja, mashine ya watu elfu tatu ikasimama!

Tulishuka pamoja. Alikikata yeye mwenyewe. Kwa nje kiungo kiling'aa kama pete. Kwa ndani — cheusi, vitundu kama mkate uliochacha. Akanionyesha kwa tochi. Nilitaka handaki linifukie. Akasema kwa joto la kawaida kingeshika. Kwenye ubaridi ule kingepasuka. Gesi ya kupozea iliyo ndani ingelijaza handaki, ikafukuza hewa, na walinzi wawili huwa wanapita sehemu ile.

Halafu akasema: "Umeniambia leo. Ungeniambia siku ile, ningekuheshimu zaidi. Lakini umeniambia."

Maneno haya nitazeeka nayo.

Alhamisi, 20 Machi

Balaa. Ofisi imetangaza: kuwashwa kumeahirishwa wiki mbili, sababu ni kiungo cha bomba. Nani ameamini? Kibandani kwa Kinyozi wanasema wataalamu wameliona shimo wakatishika. Mmoja eti ana shemeji aliyesikia sauti chini ya sinki la jikoni kwake! Watu wawili wamefunga nyumba na kuondoka na magodoro. Mwalimu wa jirani anasema darasani kwake watoto wanalia.

Gauni la hospitali ambalo mama mkwe alikuwa ameshaliweka tayari, amelirudisha kabatini.

Kosa ni langu, hofu ni ya wote.

Ijumaa, 21 Machi

Nimewaambia nyumbani, mezani. Kinyozi aliacha kutafuna. Mama mkwe alinigeuzia jicho lake zima.

"Ngoja. Hilo shimo walilolikuta — ni kwenye bomba?"

Ndiyo, Mama.

"Kubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha tundu la sindano.

"Na aliyelitoboa ni wewe?"

Ndiyo, Mama.

Akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Anacheka! "Mtaa mzima unabeba magodoro, kumbe shimo lenyewe ni la mkwe wangu!" Alicheka mpaka akaomba maji. Kisha akapoa, akanishika mkono. "Aibu unayo?" Ninayo. "Basi kaa nayo. Aibu ni mgeni mzuri asipopewa kitanda."

Kinyozi akauliza kitu kimoja tu, kama watanifukuza. Nikasema sijui. Akainuka, akaosha vyombo vyote. Hajawahi.

Jumatatu, 24 Machi

Mtoto wa jicho ametolewa! Dakika ishirini na tano. Ametoka na bandeji, anamlalamikia muuguzi kwamba alitaka ya rangi. Jioni kasema kwa jicho lililobaki anaona wazi kwamba nimekonda.

Jumatano, 26 Machi

Kikao cha mabosi. Sijui kilichosemwa, mlango ulifungwa kwa muda wa saa tatu nzima. Nilikaa benchi la nje, nikahesabu vigae. Bi Kimya alitoka akiwa na macho mekundu, akanipita, akarudi.

"Kesho unakichomelea upya. Picha zitapigwa kwa viungo vyote mia nne."

Nikamwuliza kwa nini mimi tena. Wako watano wengine.

"Wao hawakijui kiungo hicho. Wewe hutakisahau."

Alhamisi, 27 Machi

Siku ambayo dunia ilikuwa iishe. Badala yake nimechomelea.

Bi Kimya alinishikia taa mwenyewe, amepiga goti kwenye sakafu ya saruji kwa muda wa saa moja na nusu. Mkono wake haukutetereka, basi wangu ungeteterekaje? Safari hii picha ilipigwa palepale. Mshono mweupe, sawia, mwanzo hadi mwisho. Hakusema safi. Alipiga muhuri kwenye fomu, akaandika jina langu kwa kirefu, akanipa nisome.

Pia kaniambia Jumapili kuna mkutano, watu wanataka maelezo. Ataeleza. Nikauliza kama nije. Akasema ukumbi ni wa wote. Hakuongeza neno.

Jumapili, 30 Machi

Naandika hapahapa ukumbini, daftari gotini. Safu ya tatu. Kinyozi kushoto, mama mkwe kulia na bandeji yake. Watu wamejaa mpaka madirishani. Si wale waliopiga makofi — au ni walewale, sura zimebadilika.

Bi Kimya amesema kiungo kilikuwa na kasoro, kimekatwa, kimeungwa upya. Mwenye shati la mistari amepiga kelele: mwongo! Mwingine: mlikagua, mkasema viko sawa, sasa mnatuletea hadithi ya bomba! Leteni huyo fundi basi, kama yupo!

Bi Kimya amesema: "Mkuu wa kazi ni mimi. Kosa ni langu." Hakutazama upande wetu hata mara moja. Wanamzomea. Mwanamke aliyeinama kwenye sakafu ya saruji kunishikia taa, wanamzomea! Yeye kasimama tu, mikono nyuma, anasubiri wachoke ajibu swali linalofuata.

Mama mkwe kaninong'oneza: "Kalamu hiyo ina kazi gani sasa?"

Mkono wa kushoto nimeuinua. Mwenye kipaza sauti ameniona, anapita kati ya viti, watu wanakunja miguu kumpisha. Bi Kimya sasa ananitazama. Anatikisa kichwa, hapana. Mama mkwe ananyoosha mkono kulichukua daftari ili nisimame, niseme fundi huyo ni mimi. Nampa.