Kiti cha Masanja

Igoma, Jumapili

Masanja mwanangu, huna akili! Mrefu kama nguzo ya umeme, unanunua kigari cha mbio cha milango miwili, magoti yanagusa usukani!

Leo tukitoka Magu mguu wake ukafa ganzi, akachelewa kukanyaga breki, nusura tugonge ng'ombe. Nikamfokea, "Si usogeze kiti nyuma!"

Akajibu polepole, "Mama, nyuma umekaa wewe."

Tangu baba yake afie kwenye kiti cha mbele kwa ajali ya gari, mimi hukaa nyuma ya dereva tu, nimshike bega. Kumbe namkunja mtoto.

Naogopa hata sasa ninapoandika. Lakini huyu asife kwa woga wangu. Kesho mimi nikae mbele, na Masanja arudishe kiti mpaka mwisho.