Riwaya Inayosimuliwa na Kiti

Dada mpenzi,

Huku sote wazima, ila mimi nimekuwa kichekesho cha mtaa. Riwaya yangu imetoka, na yote inasimuliwa na kiti kinachomngoja msichana aliyeondoka nyumbani. Mwalimu wangu wa zamani ameisifu mpaka nikaona haya. Msusi alinivuta nywele akauliza, "Mwandishi, tangu lini kiti kikawa na mdomo?" Shangazi aliishia ukurasa wa kumi, anasema anasubiri zamu ya kabati. Baba mdogo, useremala umemjaa, analalamika kwamba kiti kimeeleza kila kitu isipokuwa mbao zake.

Lakini wote wananiuliza: msichana anarudi au harudi? Sikuandika kwa sababu sijui.

Mama ameisoma mara mbili. Tangu mlipogombana hajakutaja. Jana nilimkuta sebuleni amemsimamia Baba mdogo. "Kaza huo mguu vizuri, shemeji. Mwenyewe hajui kukaa taratibu."

Kilikuwa kiti chako, kile ulichokivunja siku ulipoondoka.

Njoo unimalizie riwaya.

Mdogo wako,
msemaji wa viti