Ireri Hakuwa Mgonjwa, Ni Spika Ilijisasisha

Jumamosi, Embu mjini. Baridi ya mwezi wa saba. Ukungu umekaa juu ya mabati tangu asubuhi, na nguo nilizofua Alhamisi bado zinanuka unyevu. Mimi niko sawa. Nimechoka tu, uchovu wa mtu aliyebishana wiki nzima na kifaa kinachoongea Kiingereza cha puani.

Shajara, wiki hii nilikaribia kumpoteza Baba kwa sababu ya apdeti.

Sisemi kufa. Nasema kurudi Kibugu akae peke yake, jambo ambalo kwangu halina tofauti kubwa. Wacha nieleze kwa utaratibu, maana nikiisoma hii mwakani nitakuwa nimesahau nani alisema nini. Na kwa kuwa nyumbani tunaongea Kiembu, maneno ya Baba nimeyaandika kwa Kiswahili chetu cha hapa, kadiri nilivyoweza.

Baba anaishi na mimi tangu mwezi wa pili. Mama alituacha mwaka jana, na Baba akabaki Kibugu kwenye ile nyumba kubwa, na majani chai yake na ng'ombe mmoja mkaidi. Januari jirani akamkuta ameanguka kando ya tangi la maji. Alikuwa amelala pale kwenye baridi kwa muda ambao yeye mwenyewe hakuweza kuutaja. Dawa za presha alikuwa ameacha kumeza. Mimi nina kemisti hapa mjini, nauza dawa kutwa, halafu baba yangu anaanguka kwa kukosa dawa! Nilishikwa na aibu na hofu kwa pamoja. Nikaenda kumchukua.

Alikubali kuja kwa sharti moja: kitanda chake kibaki Kibugu. Ni kitanda cha mbao alichokitengeneza mwenyewe kabla sijazaliwa. "Kitanda changu kikae kwangu," alisema. "Huko kwako mimi ni mgeni." Kwa hiyo analala kwenye kitanda chembamba cha wageni, miguu ikitokeza nje, na halalamiki. Mgeni halalamiki.

Anachokipenda hapa ni kimoja tu, kipindi cha salamu cha asubuhi kwenye redio. Mtangazaji anaitwa Ireri. Ana sauti nzito ya kirafiki, na anawajua wasikilizaji wake mpaka ng'ombe wao. Baba hupiga simu kila akipata laini. Hujitambulisha kama mzee wa Kibugu, hata kama amekaa kwenye kochi langu, mjini, amevaa ndara zangu. Sijawahi kumsahihisha. Lakini inaniuma kila mara.

Redio yake ndogo haikushika stesheni ile sebuleni kwangu kwa sababu ya gorofa refu lililojengwa ng'ambo ya barabara. Ndipo nikanunua spika ya intaneti. Nakiri niliinunua kwa ajili yangu pia. Nimeimba alto kanisani miaka mingi, na sauti mbaya hunikera kuliko mboga iliyozidi chumvi. Nikamwekea Baba stesheni ya Ireri kwenye kitufe cha kwanza, nikaipandisha ile redio juu ya kabati la jikoni.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Jumanne.

Jumanne spika ilijizima, ikazungusha taa nyeupe kwa muda, kisha ikatangaza kwa kile Kiingereza chake kwamba maboresho yamekamilika. Nikafurahi, mjinga mimi. Nani hukataa maboresho?

Jumatano asubuhi Baba aliweka kikombe chini. "Ireri ni mgonjwa," akasema. "Sauti yake imeingia maji. Ni koo ama ni kifua?"

Nilikuwa kwenye simu, nikiagiza dawa za dukani. Nikajibu bila kuinua macho, "Ni kifua tu, Baba. Ni hii baridi."

"Basi si umtumie kitu? Ile dawa nyekundu ulinipea mimi."

Nikacheka, nikaenda kazini.

Sikuwa nimesikiliza. Ningesikiliza hata kidogo ningejua, mimi mwenye masikio ya kujisifu. Kila S ilisikika kama kitunguu kinakaangwa, na wimbo wa kufungua kipindi ulikuwa kama unapigwa ndani ya karai. Lakini mtu wa kemisti alikuwa ameshatoa jibu, na Baba akaliamini.

Alhamisi Baba alipata laini. Nilikuwa nafunga viatu.

"Ireri, ni mzee wa Kibugu. Leo sitatuma salamu. Nataka kukupa pole na hiyo kifua. Binti yangu ako na kemisti, amesema ni kifua. Kunywa maji moto, na uwache kutoka nje bila sweta."

Ireri aliangua kicheko. Alisema yuko fiti, amekula ndizi sahani nzima, na nani huyo anamwombea ugonjwa? Alisema kwa utani, bila ubaya. Ila wasikilizaji nao walikuwa wamepata mchezo. Kila aliyepiga baada ya hapo alianza kwa kumpa Ireri pole. Mmoja wa Kiritiri akauliza kama waanze kuchanga pesa za hospitali. Studio nzima ilikuwa hoi kwa kicheko.

Baba alinyoosha mkono akaizima spika. Hakuwa na hasira. Ningependelea angekuwa na hasira.

"Jumamosi unirudishe Kibugu," akasema. "Huku kwenu siwezi tena kujua mtu mzima na mgonjwa."

Nilienda dukani na hilo neno likanikaa kifuani kutwa. Mzee aliyeweza kutambua kikohozi cha ng'ombe akiwa kitandani, sasa anadhani masikio yake yameisha. Na akirudi Kibugu, nani atamkumbusha dawa? Nani atapita kando ya lile tangi?

Jioni nikakaa chini na spika. Huduma kwa wateja walinijibu nizime, nisubiri, niwashe. Nikazima, nikasubiri, nikawasha. Kitunguu kikaendelea kukaangwa. Baada ya kusoma malalamiko ya watu wa nchi za mbali wenye shida kama yangu, nilielewa. Apdeti ilikuwa imefuta mipangilio yangu na kurudisha ubora wa sauti kwenye otomatiki. Maana yake spika inajiamulia. Intaneti ikiwa nyembamba, inakata sauti vipande na kuacha vile inavyoona havina maana. Na waifai ya hapa tunagawana nyumba tatu, na vijana wa juu hawaachi kutazama mpira. Kwa hiyo spika ilikuwa inambana Ireri koo ili mpira upite.

Mipangilio yenyewe ilikuwa imehamishwa. Ilibidi nikubali masharti mapya, nitengeneze paswadi mpya, niambiwe paswadi yangu ni dhaifu, nitengeneze nyingine yenye nguvu na niisahau papo hapo. Mwishowe nikaiweka sauti kwenye ubora wa juu isibadilike, nikamwomba mwenye nyumba njia yangu ya intaneti itenganishwe na ya wale vijana, na nikazima kujisasisha. Kuanzia sasa itaniomba ruhusa kama watu wengine.

Ijumaa asubuhi Ireri alikuwa mzima kabisa. Nikamwita Baba kwa furaha. Nikamweleza kwamba masikio yake yalisikia sawasawa, na ni spika iliyokuwa imeharibika.

"Na wewe ulisema ni kifua," akasema.

Nikamwomba akae asikilize.

Hakukaa sebuleni. Alikuwa ameshusha redio yake kutoka juu ya kabati, akafunga waya kwenye eriali, na waya akauzungushia grili ya dirisha la jikoni, upande ambao hauna gorofa. Ikashika stesheni. Ilikoroma kama mzee mwenye mafua, lakini ilishika. "Hii ina kelele," akaniambia, "lakini haibadilishi sauti ya mtu." Akasikiliza kipindi chote pale kwenye kiti cha jikoni, amejifunga shuka. Simu hakuigusa.

Leo asubuhi begi lake lilikuwa mlangoni.

Nilikuwa nimekubali kumpeleka kipindi kikiisha. Ningefanya nini, nimfungie? Yeye alikuwa jikoni na redio yake. Mimi, kwa kiburi tu, nikawasha spika sebuleni kwa sauti ya juu ili asikie jinsi ilivyo safi.

Nilikuwa nimesahau kwamba spika huchelewa. Maneno ya redio yanafika moja kwa moja. Ya intaneti huzunguka huko yanakozunguka kwanza, kisha ndiyo yanarudi Embu. Kwa hiyo Ireri alisema jambo jikoni, na baada ya muda akalisema tena sebuleni, kama watu wawili wa familia moja wanaosimulia kisa kimoja. Ilinikera sana. Nilikuwa njiani kwenda kuizima.

Ndipo redio ya jikoni ikamtaja mzee wa Kibugu. Halafu ikakoroma.

"Amesema nini?" Baba akauliza. Sikio lake la kushoto si zima. "Ni mimi ametaja?"

Sikuwa nimeshika vizuri. Lakini sebuleni Ireri alikuwa bado hajafika hapo. Nikamwambia Baba, twende kule, atalisema tena. Akachukua fimbo yake akaja, akasimama mbele ya spika na kuinamisha kichwa upande wa sikio zima.

Ireri akafika. Akasema kwamba tangu Alhamisi hajamsikia mzee wake wa Kibugu. Akasema alicheka sana siku ile, kisha alipofika nyumbani mama yake akamuuliza ni watu wangapi hapa duniani wanaoweza kumpigia simu kumpa pole bila kutaka kitu kutoka kwake. Hakuwa na hesabu ndefu. Akaomba msamaha. Akasema, mzee, kama unanisikiliza, tafadhali piga.

Baba alibaki ameinama hata baada ya tangazo la mbolea kuanza.

"Hii yako inachelewa," akasema.

"Ndiyo, Baba. Ni intaneti."

"Wacha ichelewe. Chenye nimekosa kule, nimepata huku."

Akatoa simu mfukoni, akatoka nje mpaka kwenye geti. Ireri huwafokea watu wanaopiga wakiwa karibu na redio, maana simu hupiga filimbi hewani. Siku zote Baba hupunguza sauti ya spika kwanza, lakini leo zilikuwa mbili zinaongea. Mimi nikarudi jikoni kuosha vikombe.

Alisubiri laini kwa muda. Nilimwona kwa dirisha, shuka mabegani, akitembea huku na huku kwenye ukungu. Kisha redio ikasema, "Laini inayofuata, ni nani?"

"Ni yule daktari wa kifua," Baba akajibu.

Kicheko kikalipuka, na safari hii cha Baba mwenyewe kilikuwa ndani yake. Nilikuwa sijakisikia tangu mazishi ya Mama.

"Mzee wetu!" Ireri akasema. "Kibugu kumeamkaje na hii baridi?"

Nikafunga mfereji wa maji ili nisikie.

"Ya Kibugu sijui," akasema. "Mimi niko hapa Embu mjini, kwa..."

Bodaboda ikapita nje na redio ikakoroma. Sauti iliporudi, Baba alikuwa ameshaanza kusalimu watu wa kanisa.

Niliacha vikombe kwenye sinki nikakimbilia sebuleni. Spika niliyoitukana wiki nzima, leo nikaiomba ichelewe tu kidogo zaidi. Nikasimama mbele yake, maji ya sabuni yakidondoka kwenye zulia. Nilimkuta Ireri ndiyo kwanza anauliza laini inayofuata ni nani. Nikasubiri. Daktari wa kifua. Kicheko. Kibugu kumeamkaje.

"Ya Kibugu sijui. Mimi niko hapa Embu mjini, kwa binti yangu, yule wa kemisti. Siku hizi ndiko naishi."

Kila S mahali pake.

Nililia. Si kilio cha kuita majirani, lakini nililia, na nilikuwa bado nafuta uso kwa kiwiko Baba alipoingia na pua nyekundu kwa baridi. Akaniangalia, akaangalia spika.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kwa gani?"

"Kwa zote mbili."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu zuri. Akaomba chai. Kisha akalichukua begi pale mlangoni, akalirudisha chumbani mwake, na mimi nikajifanya nakoroga maziwa yasimwagike.

Jioni hii simu imenionyesha kwamba spika ina apdeti nyingine tayari, na maboresho zaidi. Nimebonyeza "si sasa".

Kesho baada ya kanisa tunaenda Kibugu, mimi na Baba. Nimeazima pikapu. Tunaleta kitanda.