Msemaji Wako Amepata wa Kunyamaza Naye

Mama yangu,

Huko uliko nadhani wenzako bado hawajapata nafasi ya kuchangia neno. Hapa duniani uliongea kwa niaba ya watu wawili, wewe na mimi. Wageni wakipanda huku Mbozi kutusalimia, ulinisukuma mbele: "Huyu ndiye msemaji wangu, muulizeni habari za nyumbani!" Nami, jitu zima lenye ndevu, ambalo halijatamka hata jina lake, nasimama nikichezesha vidole kama nafukuza nzi. Mlicheka. Nami nilicheka kwa ndani, ambako ndiko huwa nachekea.

Naandika nikiwa nimesimama. Nasubiri ujumbe wa mtu, nitakueleza ni nani, na tangu asubuhi nazunguka vichanja vya kuanikia kahawa. Binti yako Tabitha kaniambia, "Kaka, utachimba mtaro hapo." Simu ni yake ya zamani. Herufi ni zako, zile ulizonipangia kwa punje za mahindi kwenye ungo.

Ulipoondoka niliacha kuchambua kahawa, kisha kuoga, kisha kula. Hospitali wakasema usonji nimezaliwa nao, lakini hii nyingine ni sonona. Wakanipa dawa, wakanishauri pia nitafute wenzangu. Wenzangu! Kwani wewe uliwahi kuwaona?

Tabitha akanipeleka Tunduma kwenye kikundi cha watu wenye sonona. Watu wema, chai tamu. Kila mmoja alisimama akaeleza yaliyo moyoni, na zamu yangu ilipofika wakanikabidhi kipaza sauti. Nilikishika vizuri. Nikakipuliza kidogo, nisionekane sina adabu. Mzee mmoja akaitikia "Amina!", wakanishangilia, nikarudi kukaa na huzuni yangu ikiwa nzima. Kikundi kingine kilikuwa cha viziwi. Wakanipokea kwa ishara za mikono, mimi ninayesikia hadi mchwa ukutani.

Mama, nilianza kutamani kukufuata. Tabitha alinisoma usoni, akahamishia godoro lake mlangoni kwangu.

Ndipo dada mmoja wa kile kikundi cha chai akampigia Tabitha simu: "Kuna Yohana, yuko Msangano. Naye haongei, anaandika. Na moyo wake umechoka hivyohivyo." Tukaanza kuandikiana. Swali lake la kwanza: "Asubuhi yako ikoje?"

Nikajibu, "Nzito."

"Yangu hunilalia kama ng'ombe," akaandika.

Nilisoma maneno hayo nikitembea, nikajigonga kwenye nguzo.

Juzi tukashuka kwake kwa pikipiki, mshikaki wa watu watatu, mimi katikati. Njiani nilimgonga dereva begani ageuze. "Tulia, braza," akasema, "hapa kurudi ni mbali kuliko kufika." Tukafika, na Yohana hayupo. Yaani yupo, kajificha nyuma ya ghala la ulezi. Kaka yake anafoka, "We Yohana, toka usalimie wageni! Aibu gani hii?" Miguu yangu ikataka kukimbia.

Nikakumbuka ulivyonifundisha kuamkia wakubwa: chuchumaa, kunja viganja, piga makofi taratibu. "Hapo mdomo hauna kazi," ulisema. Nikachuchumaa mbele ya ghala, nikapiga. Nikapiga tena. Nyuma ya ghala, makofi yakajibu.

Alitoka kofia ikiwa imemfunika macho. Tukakaa tumepeana migongo, kila mtu na simu yake. Tabitha na yule kaka waliongea mpaka nikahisi umefufuka. Yohana akaandika, "Kesho atanilalia tena." Nikamwandikia, "Akikulalia niambie. Wangu nitakwambia."

Jana aliniambia. Leo jua limeshapanda na simu iko kimya. Tabitha anasema labda chaji imeisha, huko umeme una mambo yake. Labda. Lakini mimi najua asubuhi zilivyo, ndiyo maana nazunguka. Nimemwandikia, nikafuta, nikaandika tena. Sasa ninaelewa kwa nini ulikuwa ukisimama mlangoni kunisikiliza kama napumua. Nilidhani unanichunga nisiibe sukari.

Ngoja, Mama. Imetetemeka.

Hakuna neno. Ametuma vile vikono viwili vinavyopiga makofi, basi. Nimechuchumaa hapa katikati ya vichanja, ingawa hanioni, na Tabitha anacheka hadi anashika ukuta. Acha nimjibu mwenzangu kwanza.

Ni mimi mwanao,
msemaji wako.